Besi la Bomba Jeusi

Kaka yangu alishuka kwenye basi lililotoka Makambako, anakoishi, akiwa amelibeba besi mgongoni kwa kanga, kama mama anayempeleka mtoto kliniki. Stendi nzima ya Njombe ilimtazama. Mimi niliyekwenda kumpokea nilikuwa tayari kumtania, maana sisi wawili tukikutana bila kutaniana watu hudhani tumegombana. Halafu nikaitambua ile kanga. Ilikuwa ya shemeji yangu, mke wake, tuliyemzika mwaka uliopita wakati wa kuvuna viazi. Nikaumeza utani wangu.

"Kamwene, kaka."

"Kamwene, mdogo wangu. Limeoza hili," akasema, akanigeuzia mgongo nione.

Besi ni lile tarumbeta kubwa kuliko yote katika bendi ya kanisa, linalokaa mapajani mwa mpigaji na kutazama juu. Hili la usharika wao ni la shaba, na umri wake unazidi wangu na wa kaka ukijumlishwa. Wazee husema lilikuja na wamisionari, ingawa wazee wale husema hivyo hivyo kuhusu kila kitu cha zamani, hata ngazi ya kupandia kwenye kengele. Kaka alilipokea kwa mzee aliyemfundisha, na tangu ujana wake hakuna mwingine aliyelipuliza. Vijana wanataka tarumbeta ndogo zenye kelele. Besi linataka mapafu na linataka mtu asiye na haja ya kusikiwa.

Tulilipeleka moja kwa moja kwenye banda langu la kazi nyuma ya nyumba. Ni banda la mabanzi niliyoletewa na rafiki wa Matembwe, lina meza nzito, jiliwa, misumeno, mtungi mdogo wa gesi wenye kichwa cha moto, na vipande vya mabomba vya kila unene, kwa sababu maisha yangu yote ya kazi nilikuwa fundi wa maji na hata baada ya kustaafu sijaweza kupita kwenye bomba lililotupwa nikaliacha. Mke wangu analiita banda hilo nyumba ndogo. Anasema angalau anajua nilipo.

Nililigeuza besi juu ya meza. Chini ya vile vitufe vya kubonyeza kuna kipande cha bomba kilichonyooka, kirefu kidogo kuliko shubiri, kinachounganisha kona mbili. Kipande hicho kilikuwa kimeliwa na kutu ya kijani kwa ndani. Nilikibonyeza kwa ukucha, ukucha ukapita.

"Pasaka ni lini?" nikauliza, ingawa nilijua.

"Jumapili ijayo," akasema kaka, akakaa juu ya ndoo.

Hapo lazima nieleze, maana asiyetoka kwetu ataona tulihangaika bure. Katika bendi yao kuna desturi kwamba mfiwa hapulizi. Siku ya msiba wako wenzako wanakupigia, wewe unakaa na ndugu zako na kulia. Kwa hiyo shemeji alizikwa bila besi. Trampeti zililia pale juu, na chini yake hapakuwa na kitu, na kila aliyekuwepo alilisikia lile pengo. Zamu ya mfiwa hufika Pasaka. Alfajiri ya Pasaka watu huenda makaburini kabla jua halijatoka, na bendi husimama kwenye kila kaburi la mwaka ule na kupiga. Hapo ndipo mfiwa humpulizia mtu wake. Ni Pasaka ya kwanza tu. Ukiikosa hiyo, mwaka unaofuata bendi inakwenda kwenye makaburi mapya, na wako ameshaingia katika kundi la waliolala zamani.

Shemeji alikuwa mwimbaji wa alto, ile sauti ya chini ya wanawake, katika kwaya. Alikuwa akisema wazi mbele za watu kwamba aliolewa na besi, na kaka alikuja kama kifuko chake. Kaka alikuwa akicheka kila aliposikia hilo, hata kama alikuwa amelisikia asubuhi hiyo hiyo.

Nikaanza kazi kwa kujiamini, kama ilivyo desturi yangu, na kwa desturi yangu ile ile nikakwama upesi. Nilijaribu kuziba kwa risasi ya kulehemu na moto, lakini shaba ile ilikuwa nyembamba kama ganda la kitunguu, na kila nilipoziba tundu moja yalifunguka mengine pembeni. Ilibidi kipande chote kikatwe. Nikakikata. Sasa nilihitaji kipande kingine cha shaba cha unene ule. Chuma kipo Liganga, milima mizima, lakini bomba la shaba la unene ule hulipati Njombe yote. Nililolipata la friji lilikuwa jembamba, na lililotoka kwenye gari bovu lilikuwa nene mno.

Jicho langu likaangukia kwenye bomba jeusi.

Kila mtu wa kijijini analijua, lile la plastiki linalokuja limeviringwa kama gurudumu na kupita chini ya mashamba kuleta maji. Nilichukua kipande chembamba, nikakijaribu kwenye ncha za shaba, kikaingia kwa nje kama soksi. Unene ule ule hasa. Nilisimama pale nikicheka peke yangu, halafu nikakumbuka nilichowafundisha vijana miaka yote: bomba jeusi haligundishwi. Plastiki ile haitaki kushikwa na kitu chochote. Rangi inabanduka, gundi inabanduka, uchafu wenyewe unateleza. Ndiyo maana maji yanapita humo miaka na miaka bila kuacha kitu. Mabomba meusi mawili unayayeyusha ncha na kuyakutanisha, au unayabana kwa viungo vyake. Lakini shaba na plastiki haviyeyukiani.

Nilijaribu kulipasha bomba moto na kulisukuma juu ya shaba likiwa laini. Lilipopoa lilikaza, nikampa kaka apulize. Likanguruma vibaya, kwa sababu hewa ilikuwa inapenya katikati ya shaba na plastiki na kuchezesha vyote viwili. Nilibana kwa vibano vya chuma, vikalia navyo. Nikafunga mpira wa tyubu, na mpira ukaimeza sauti yote. Nilipaka gundi ya haraka ile ya tyubu ndogo, ikakauka vizuri, nikafurahi, nikaigusa, ikatoka nzima kama ukoko wa uji. Hapo hasira zangu, ambazo haziko mbali, zilifika. Nililirusha bomba nje ya mlango likaangukia kwenye kabichi.

Mke wangu alilileta akilifuta kwa kanga yake. "Asiyekubali kushindwa si mshindani," akasema.

"Sijashindwa."

"Kwa hiyo kabichi zangu zimekukosea nini?"

Kaka alikuwa amekaa kwenye ndoo yake. Nilimtazama usoni nikitegemea kumwona amekata tamaa, lakini alikuwa ametulia, karibu kama mtu aliyepumzika. Nikadhani ni imani. Nikaona aibu kwa hasira zangu, nikamwambia kesho nakwenda Makambako kutafuta gundi ya kweli.

Makambako barabara kubwa zinakutana, na vitu vya Mbeya na vya Dar vinashuka pale kabla havijatufikia sisi wa Njombe. Katika duka la vifaa vya ujenzi nilipata gundi ya tyubu mbili, ile ya kuchanganya nusu kwa nusu. Muuza duka aliniambia inashika chuma, jiwe, mbao na kauri. Nilipomtajia bomba jeusi alitikisa kichwa. Nikainunua hivyo hivyo, maana nisingeweza kurudi mikono mitupu.

Nje, karibu na wauza ndoo, alikuwepo mama mmoja anayechapa majina. Watu wa vikundi na kwaya wanamletea ndoo na madumu mapya, naye anachapa jina la kikundi kwa wino mzito. Nimempita mara nyingi bila kumwangalia. Siku hiyo nilisimama kwa sababu alikuwa na kichwa cha moto kama changu, na alikuwa anakipitisha kwenye ndoo, mwali wa bluu, haraka haraka, kama anayeikaanga ngozi yake bila kuipika.

"Mama, mbona unaichoma ndoo ya watu?"

"Siichomi baba, naiamsha," akasema bila kuinua macho. "Plastiki imelala. Usipoiamsha, wino unatoka siku ya kwanza ikioshwa."

Akachapa, akasubiri kidogo, akakwangua kwa ukucha mbele yangu. Wino haukutoka. Alikwangua tena kwa funguo. Nikamwomba anionyeshe ndoo ambayo hajaipitishia moto. Akacheka, lakini alinionyesha, na wino wa ile ulitoka kwa kidole tu. Nilitaka kumkumbatia, ila hatukuwa tunajuana kiasi hicho. Nikamshukuru, nikakimbilia basi, na njia nzima ya kurudi Njombe nilikuwa nimeishika gundi yangu kifuani.

Nilimkuta kaka anamsaidia mke wangu kumenya viazi. Nikamwita bandani. Nilichukua kipande kirefu cha bomba jeusi, nikakiosha kwa sabuni, nikakikausha, nikadondosha maji juu yake kwa kijiko. Maji yalijikunja kuwa matone, yakabiringika na kuanguka, kama yanavyofanya juu ya jani la gimbi. Hilo nimeliona maelfu ya mara. Nikawasha gesi, nikapunguza mpaka mwali ukawa bluu safi, nikaupitisha juu ya plastiki, upande huu na upande huu, bila kusimama mahali. Bomba halikubadilika hata kidogo. Halikung'aa, halikulainika wala kubadili rangi. Nikaliacha lipoe. Nikachukua kijiko kile kile na maji yale yale.

Maji yalilala.

Sijui niseme vipi kwa asiyeyaona. Hayakujikunja. Yalitambaa juu ya plastiki mpaka yakawa utando mmoja mwembamba, na utando ule ukakaa pale, unang'aa, hauendi popote. Nimefanya kazi na bomba lile tangu nikiwa kijana. Nimelizika mabondeni, nimelifukua, nimelilalia kwenye mvua nikisubiri gari. Nilidhani nalijua. Na maji nayo nilidhani nayajua. Sasa nilikuwa nimesimama katika banda langu mwenyewe nikiyatazama yakifanyiana jambo ambalo sikuwahi kuliona, na nywele za mikono zilinisimama. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni.

"Rudia," akasema kaka. Alikuwa amesimama bila mimi kujua.

Nikarudia. Tuliwasha na kuzima, tukamwaga maji na kukausha, wazee wawili tunacheza kama watoto kwenye dimbwi. Tuligundua kwamba ukiupeleka moto mbali hakuna kinachotokea, na ukiukawiza mahali pamoja plastiki inang'aa kisha inalegea, umeiharibu. Lazima upite kama mtu anayepiga pasi nguo ya hariri. Baadaye nilisoma kwamba mwali ule wa bluu unaibadilisha ngozi ya juu kabisa ya plastiki, nyembamba kiasi kwamba hakuna jicho linaloweza kuiona, hewa inajishikiza humo, na ngozi hiyo mpya inapenda maji na inapenda gundi. Nimeyaelewa maelezo hayo vizuri. Mshangao wangu haukupungua.

Siku ya pili tukaunga. Niliisugua shaba kwa msasa mpaka ikawaka, nikaiosha, nikahakikisha maji yanalala juu yake pia. Nililipitishia bomba moto kwa ndani, kwenye ncha zote mbili. Nikachanganya gundi, nikapaka, nikavisukumiza pamoja. Lakini baridi ya Njombe wiki ile ilikuwa ya ukungu na manyunyu, na kufikia jioni gundi ilikuwa bado laini kama asali. Mke wangu ndiye aliyesema tuliweke kwenye kinengunengu, yaani kile chumba kidogo anacholelea vifaranga, chenye jiko la mkaa lililofunikwa. Tukaliingiza besi humo. Vifaranga walilikimbia kwanza, kisha wakalizoea, na tulipochungulia walikuwa wamelipanda na kusinzia juu yake.

"Shemeji," mke wangu alimwambia kaka, "besi lako linaatamia."

Kaka alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu msiba, nami nilitoka nje nikajifanya natafuta kuni.

Asubuhi gundi ilikuwa ngumu kama jiwe. Nikalishika bomba jeusi kwa mkono mmoja na shaba kwa mwingine, nikalipindisha kidogo, kwa adabu tu. Likatoka. Likatoka safi, bila hata kupiga kelele, gundi yote imebaki kwenye shaba na plastiki imebaki tupu.

Sikurusha kitu safari hii. Nilikaa. Moto ule niliuona kwa macho yangu, na maji niliyaona yakilala. Nikachukua kile kipande kilichobaki mezani, nilichokipitishia moto pamoja na kile cha kazi, nikakimwagia maji ili nijue kama nimerogwa. Maji yalitambaa kama jana, yakaenea kote, isipokuwa mahali kadhaa. Pale yalizunguka na kuacha visiwa vikavu, vidogo, vya mviringo wa yai. Niliinama. Ndani ya kisiwa kimoja niliona mistari myembamba imejipinda pinda.

Zilikuwa alama za vidole.

Huku kwetu hakuna anayetoka nje asubuhi bila mafuta ya mgando. Unaosha uso kwa maji ya baridi yanayouma mifupa, kisha unajipaka usoni, mikononi, miguuni, la sivyo upepo unakupasua ngozi mpaka damu. Tunajipaka bila kufikiri, kama kupumua. Kopo la mafuta lipo hata dirishani kwenye banda langu. Na sisi watu wa mikono hatuamini kitu mpaka tumekipapasa. Tulikuwa tumeiamsha plastiki kwa moto, halafu kwa mapenzi yote tukaishika kuona kama imeamka.

Nilimgeuzia kaka kipande kile mwangani. "Vidole vya nani hivi?"

Alitazama kwa muda mrefu, maji yakiwa bado yamezizunguka zile alama. Alijitazama mkono. "Vyangu," akasema. "Nililigusa, hata kwa ndani, ulipoingia nyumbani kuchukua gundi."

"Na mimi nimeligusa," nikamwambia, na ilikuwa kweli, maana visiwa vingine vilikuwa na kovu la kidole changu cha shahada. Kaka alikuwa bado anautazama mkono wake kwa namna ambayo sikuielewa siku ile.

Sijawahi kuacha kustaajabia kitu kile. Mafuta ambayo hata huyaoni, mguso wa kidole mara moja, na gundi inayoshika mawe inakataa kushika. Tulianza upya. Nilikwangua gundi ya zamani, nikakata kipande kipya cha bomba. Tuliosha mikono kwa sabuni ya mche mpaka ikawa inalia kwa kusuguana, na siku hiyo hatukupaka mafuta. Ngozi ilinipasuka kwenye vifundo kabla ya adhuhuri. Niliipangusa shaba kwa spiriti na kitambaa kipya, nikapitisha moto, nikapaka gundi papo hapo, nikaunga. Kaka alisimama mlangoni amefumbata mikono kwapani, kama mtu aliyekatazwa kuigusa hata hewa. Besi likarudi kwa vifaranga.

Ijumaa Kuu tulikwenda kanisani na kuliacha humo. Jumamosi asubuhi nililitoa. Nilipindisha, sikuona dalili. Nilivuta. Nikakifunga kipande chenyewe cha bomba kwenye boriti kwa kamba, nikakiacha kibebe uzito wa besi zima, na besi likaning'inia pale likizunguka taratibu bila kuachia. Plastiki isiyoshikika ilikuwa imeishika shaba. Nililishusha mwenyewe, nikamkabidhi kaka.

Alikaa kwenye ndoo, akaweka midomo. Sauti ilitoka chini kabisa, nene, ikaingia kwenye mabanzi ya banda, ikaingia kwenye meza, nikaisikia miguuni. Hapakuwa na mngurumo wowote. Bomba la maji lilikuwa linaimba sawa na shaba, huwezi kusema wapi moja linaishia na jingine linaanza. Mke wangu alitoka jikoni na mwiko mkononi, akasimama.

Kaka alipiga ile sauti moja tu. "Inatosha," akasema, akalishusha.

"Piga wimbo basi!"

"Inatosha, mdogo wangu. Limepona." Na akaanza kulifunga.

Mchana ule tulipanda basi kwenda Makambako, nikalala kwake. Alfajiri tulikwenda makaburini pamoja na usharika. Ukungu ulikuwa umekaa juu ya makaburi, na watu walikuwa wameyasafisha jana yake na kuyawekea maua, kwa hiyo maua ndiyo yaliyoonekana kwanza, kabla ya misalaba. Bendi ilijipanga. Ilianza kwenye kaburi la mzee mmoja karibu na lango. Trampeti zikalia, trombone zikaingia, na besi halikuingia. Kaka alikuwa amelikumbatia, mdomo wake uko mbali nalo. Kiongozi wa bendi alimtazama, akatazama pembeni.

Kaburi la pili ikawa vile vile. Moyo wangu ulishuka. Nikajua ni gundi. Labda baridi ya alfajiri imeifanya shaba ijikunje na plastiki imeiachia. Nilijipenyeza katikati ya wapigaji mpaka nikamfikia.

"Limeachia?" nikamnong'oneza.

"Halijaachia."

"Sasa?"

Bendi ilikuwa inahamia kwenye kaburi la shemeji. Kaka alitembea nayo, na mimi ubavuni mwake. Alisimama miguuni pa mkewe.

"Wiki nzima nilikuwa naomba lisishike," akasema. "Lisiposhika, si mimi niliyeshindwa kumpulizia. Ni besi."

Nilikumbuka alivyotulia siku ya kwanza kila nilipokwama, na alivyoutazama mkono wake. Kiongozi wa bendi aliinua kidole, akasubiri. Alisubiri zaidi ya kawaida, na hakuna aliyemhimiza. Nilinyoosha mkono nikaushika upande wa bomba jeusi, sijui kwa nini, labda kwa sababu ndilo tu nililokuwa na uhakika nalo.

Kaka alilamba midomo, akavuta pumzi, akapuliza.

Nilisikia pumzi yake ikipita chini ya kiganja changu. Bomba lilitetemeka kama kitu chenye uhai, na sauti ikatoka juu ikaingia chini ya trampeti zote na kuzibeba, na lile pengo tulilolisikia siku ya mazishi likajaa. Watu waliokuwa wanaimba walinyamaza mmoja mmoja. Nilikuwa nalia na sikuona sababu ya kujificha.

Wimbo uliisha. Wenzake wakashusha tarumbeta zao. Yeye hakushusha. Alianza tena mwanzo, peke yake, sehemu ya besi tupu, ambayo ukiisikiliza bila sauti nyingine si wimbo, ni hatua za mtu anayetembea polepole. Kiongozi aliinua kidole kumzuia, kisha akakishusha. Wanakwaya wa alto walikuwa wamesimama pale pale, wote wanaijua sehemu yao, na hakuna hata mmoja aliyeimba. Walimwachia shemeji nafasi yake. Kaka alipiga ubeti wote mpaka mwisho na nafasi ile ikiwa wazi juu yake, kisha akalishusha besi, akajifuta mdomo kwa mgongo wa mkono, akaniambia mimi, au alijiambia mwenyewe, "Nimempulizia."